Sabuni Iliyoachwa Ipoe

Mke wangu ana mwanamume mwingine, na mtaa mzima unajua. Mimi mwenyewe ndiye niliyeutangazia, maana kinyozi na siri ni paka na panya. Kichwa cha mteja kikishaingia mikononi mwangu, mdomo wangu hufunguka bila kuombwa. Huyo mwanamume anaitwa Fundi wa Kawaida. Hana sura, hana ndugu, hana nauli, na tangu nimwoe mke wangu hajakosa kuja mezani kwetu.

Afadhali nieleze mapema, watu wasije wakanionea huruma bure. Mke wangu, Mama Pacha, ni mkaguzi katika ofisi ya hataza. Mtu akibuni njia mpya ya kutengeneza kitu, hupeleka ombi pale. Akikubaliwa anapewa hataza, yaani hati inayosema kwamba kwa miaka kadhaa njia ile ni yake, na anayetaka kuitumia abishe hodi kwanza. Mama Pacha hukagua maombi ya kemia: rangi, gundi, dawa za wadudu, sabuni. Kujua kama jambo ni jipya si kazi kubwa. Unafukua maandishi ya zamani, ukilikuta humo, mchezo umekwisha. Shida iko kwenye swali la pili: sawa, ni jipya, lakini je, lilikuwa dhahiri?

Hapo ndipo anapoingia mume mwenza wangu. Mkaguzi anatakiwa amfikirie fundi mmoja aliyesoma kila kilichoandikwa kuhusu kazi yake, mwenye mikono inayojua kazi, ila kichwani hana wazo la kwake hata la dawa. Fundi huyo angefika pale mwenyewe bila kushikwa mkono? Kama angefika, hakuna uvumbuzi, na mwombaji arudi nyumbani. Basi Mama Pacha anaishi naye. Anakoroga mchuzi huku anasema, "Fundi wa Kawaida asingejaribu hilo. Angeogopa kuunguza sufuria."

"Na mimi je?" namuuliza, wivu umenishika.

"Wewe ungeiunguza, halafu ungesema ulijua itaungua."

Kuna ukweli hapo, na unaniuma. Mimi nina maradhi ya "nilijua". Timu ikifungwa, nilijua. Mvua ikinyesha, nilijua. Jirani akiachana na mkewe, nilijua tangu siku ya harusi, kwa jinsi bwana harusi alivyokuwa akiangalia saa. Kibandani kwangu pana viti viwili, kioo chenye ufa kwenye pembe na benchi la wanaosubiri, na wote wanaokaa kwenye benchi lile wana maradhi hayo hayo. Ni mahali pazuri sana pa kukaa baada ya jambo kutokea.

Zamani, pacha wetu walipokuwa bado nyumbani, tulikuwa tukitegeana vitendawili baada ya kula. Siku moja Mama Pacha akasema, "Kitendawili!"

"Tega!"

"Kila siku namwogesha, kila siku anapungua."

Tukahangaika. Pacha wa kwanza akasema mwezi. Wa pili akasema mgonjwa, tukamzomea. Mimi nikasema deni, nikazomewa zaidi. Tukampa mji, akaukataa, tukampa mwingine mkubwa zaidi, akaenda akatamba huko weee, mpaka akarudi na jibu: sabuni.

"Aa, sabuni!" nikasema. "Hilo nililijua."

Kinyozi mzima, mtu ambaye sabuni haimtoki mikononi tangu asubuhi, nilikuwa nimekaa pale nimetumbua macho. Mama Pacha alinitazama kwa upole ambao ni mbaya kuliko tusi. "Unaona?" akawaambia watoto. "Jibu likishatoka, kila mtu alikuwa nalo. Kazi yangu ndiyo hiyo. Kukumbuka jinsi tulivyokuwa tumekaa kabla halijatoka."

Kwa ajili hiyo alikuwa na kitambaa. Kipande cha kitambaa cha meza cha mama yake, cheupe chenye mistari ya buluu, kilichokatwa kikapindwa kingo. Jalada jipya likifika mezani kwake, anamwomba karani afungue ukurasa wenye dai, yaani ile sehemu mwombaji anaposema uvumbuzi wake ni nini hasa, kisha aufunike kwa kile kitambaa kabla yeye hajaketi. Anasoma tatizo tu. Anasoma maandishi yote ya zamani. Halafu kwenye karatasi yake anaandika Fundi wa Kawaida angejaribu nini, moja, mbili, tatu. Akimaliza ndipo anapofunua. Kama dai liko kwenye orodha yake, ni dhahiri. Kama halimo, anakaa chini na kufikiri upya.

Ofisini walimcheka mwanzoni, wakamwita Mama Kitambaa. Baadaye wakaacha kucheka, lakini jina likabaki. Nilikuwa nikimpelekea chakula cha mchana ghorofa ya tatu, kwa ngazi, kwa sababu lifti ya jengo lile ilikuwa na karatasi ya "Inatengenezwa" iliyogeuka rangi kwa uzee. Namkuta kati ya makabati ya chuma, miwani imefungwa uzi, dirisha linatazama mgongo wa duka la dobi, na kitambaa kimelala juu ya karatasi kama chandarua juu ya mtoto. Nilikuwa najivunia kitambaa kile kuliko yeye mwenyewe.

Sasa ndiyo nifike kwenye sabuni yenyewe.

Mwombaji alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye karakana ndogo nyuma ya ghala moja. Nitamwita Mama Sabuni. Alikuwa akikusanya mafuta machafu kutoka kwenye migahawa, yale yaliyokaangiwa mpaka yakawa meusi, na kuyageuza kuwa sabuni ya mche. Tatizo la mafuta hayo linajulikana: sabuni yake inatoka nyeusi na inanuka samaki wa jana. Njia ya zamani ni kuyachuja kwanza kwa udongo maalumu, ambao ni ghali, kisha kuyapika na kostiki, ile dawa kali inayoyageuza kuwa sabuni, kisha kumwaga maji ya chumvi ikiwa bado inatokota ili uchafu ushuke chini. Yeye alikuwa hachuji kitu. Anayapika hivyo hivyo machafu, anazima moto, anaiacha sabuni ipoe mpaka mkono uweze kukaa ubavuni mwa pipa, ndipo anapoingiza maji ya chumvi kidogo kidogo. Uchafu na harufu vinazama na maji. Sabuni inabaki juu, nyeupe kama ya dukani.

Kiwanda kikubwa cha sabuni kiliwasilisha pingamizi. Kikasema hilo ni jambo dhahiri na mtu hawezi kupewa hataza kwa kuchelewa kumwaga chumvi. Kila mtu mjini alijua kwamba kiwanda kilikuwa kimeshaanza kujenga mapipa ya aina ile. Dai likianguka, njia inakuwa ya wote, na katika njia ya wote mwenye mapipa makubwa ndiye anayepita. Mama Sabuni na wafanyakazi wake wanne wangefunga karakana kabla mapipa hayo hayajakauka rangi.

Mama Pacha alifanya kama kawaida yake. Kitambaa, maandishi ya zamani, orodha. Na kwenye orodha, namba mbili, aliandika kwa mkono wake: "Kuiacha ipoe kwanza, ndipo chumvi." Akafunua. Ndilo lililokuwa dai. Akaandika maoni ya awali: dhahiri. Siku hiyo alirudi nyumbani na uso mzito, maana moyo wake ulikuwa kwa yule mama, lakini mkaguzi hakagui kwa moyo. "Fundi wa Kawaida angefika," aliniambia. "Mimi mwenyewe nimefika, na kitambaa kilikuwa juu."

Kikao cha kusikiliza pande zote kikapangwa. Jumapili kabla ya kikao, shemeji akaja kula.

Shemeji ni mdogo wake Mama Pacha, fundi bomba, mtu wa vichekesho. Hadithi zake ni chache, kwa hiyo huzirudia. Alipomaliza kula akajifuta mdomo, akasema, "Jamani, niliwaambia ile ya wavivu wa sabuni?"

"Ulituambia," nikasema, lakini nani aliwahi kumzuia shemeji?

"Nimeitwa kuzibua bomba, karakana fulani ya sabuni huko nyuma ya maghala. Nafika, sabuni imepikwa, moto umezimwa, watu wote wamekwenda kula! Sabuni inapoa yenyewe pale kama uji wa mtoto. Nawauliza, nyie, si mmwage chumvi yenu mmalize? Wananiambia, tunaingojea ipoe. Wanaingojea ipoe! Mimi nimefanya kazi sehemu nyingi, sijaona watu wavivu wakapata sababu nzuri namna ile!"

Alicheka mpaka akashika mbavu. Nami nikacheka, ingawa ilikuwa mara ya pili. Kisha nikaona kijiko cha Mama Pacha kimesimama hewani.

"Ulituambia lini hiyo?" aliuliza.

"Si wakati wa ile mvua kubwa? Tulicheka, mpaka shemeji hapa akajimwagia chai."

"Na mimi nilicheka?"

"Dada, wewe ndiye uliyecheka kuliko wote."

Akaweka kijiko chini taratibu. Nilidhani tumbo linamsumbua.

Tulipobaki wawili alinieleza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekuta mlango wa nyumba yake uko wazi. Mvua ile kubwa ilinyesha baada ya ombi kupokelewa ofisini, kwa hiyo shemeji hakuwa ameharibu upya wa jambo. Alikuwa ameharibu kitu kingine. Jalada lilipofika mezani kwa Mama Pacha, jibu lilikuwa limeshaingia kichwani mwake zamani kwa mlango wa nyuma, likiwa limevaa nguo za kichekesho, na yeye alikuwa amelisahau. Akafunika karatasi kwa kitambaa huku jibu liko ndani. Alipoandika namba mbili, aliona Fundi wa Kawaida ndiye anayesema, kumbe ni mdogo wake.

"Nimeambiwa jibu la kitendawili," alisema, "halafu nikajisifu kwamba nimekitegua."

Nikamwambia yaache. Nasema kweli, nilimwambia hivyo, tena kwa ukali. Hakuna anayejua isipokuwa sisi watatu, na shemeji hata hajui kama anajua. Wewe unaheshimiwa pale kwa hicho kitambaa. Ukisimama mbele ya watu useme kilikuwa hakifuniki kitu, kesho kila wakili aliyewahi kushindwa atarudi na jalada lake. Na huenda sabuni ile ni dhahiri vile vile, kwa hiyo utakuwa umejivua nguo bure.

"Huenda," alikubali. "Sijui. Ndiyo shida yenyewe, sijui tena, na siwezi kurudi kutojua." Akafuta makombo mezani kwa kiganja. "Lakini kuna kitu kimoja. Sisi sote tulicheka. Jambo lililo dhahiri halichekeshi, Baba Pacha. Mtu akikuambia amefungua mwavuli kwa sababu mvua inanyesha, utacheka?"

"Basi waambie ofisini kwamba mlicheka."

"Shemeji yako ni fundi bomba na wewe ni kinyozi. Vicheko vyenu havina uzito pale. Ningejua kama fundi sabuni naye angecheka, hapo ningekuwa na kitu mkononi." Akasimama kukusanya vyombo. "Na hilo lingine nitalisema. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Siku ya kikao nilifunga kibanda. Vikao vile viko wazi kwa mtu yeyote, ila hakuna anayekwenda, kwa hiyo benchi la nyuma lilikuwa langu mimi na mwanamke mmoja mwenye mkoba wa plastiki. Mikono yake ilikuwa na makovu madogo madogo, ya kostiki. Nikajua ni nani kabla hajasema. Yeye hakunijua.

"Umekuja kwa kesi gani?" aliniuliza.

"Kutazama tu, mama."

"Mimi ni hii ya sabuni." Akafungua mkoba nikaona vipande vimefungwa gazeti. "Nimewaletea waone, lakini wamesema hawahitaji kuona, wanahitaji karatasi." Alifunga mkoba. "Wakisema kila mtu alikuwa analijua, basi. Sitakuwa na la kuwajibu wale watoto wanne kule karakana. Nitawaambia nini? Kwamba tulikuwa tunajua kitu ambacho kila mtu alikijua?"

Nilitamani kumwambia kitu. Nikasogea tu kumwachia nafasi ya mkoba wake.

Chumba kilikuwa na meza ndefu, majagi ya maji, viti ambavyo havijatolewa nailoni, na kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye ndoo. Mwenyekiti alikuwa Mkuu wa kitengo, mwanamume mpole mwenye tabia ya kumenya pipi ya kikohozi kila anapotaka kufikiri. Upande wa kiwanda kulikuwa na wakili mwenye suti iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa, na shahidi wake: mzee mrefu, mpishi mkuu wa sabuni wa kiwanda kile.

Mama Pacha alisimama wa kwanza.

"Mkuu, kabla hatujaanza. Naomba maoni yangu ya awali yaondolewe kwenye jalada. Nilikuwa nimesikia njia hii ikisimuliwa nyumbani kwangu kabla sijakagua, na nilikuwa nimesahau. Niliandika kwamba fundi angeifikia. Sijui kama angeifikia. Mimi nilikuwa nimeambiwa."

Ndoo ikapokea tone. Wakili akaruka wima. "Mkuu, upande wetu hauna malalamiko yoyote na mkaguzi! Tunamwamini kabisa!"

"Najua mnamwamini," Mkuu akasema. "Angekuwa amewakataa, mngekuwa mmeshaomba afukuzwe." Akamenya pipi, akaitia mdomoni, akamtazama mke wangu muda mrefu. "Karatasi yako inatoka. Uamuzi nitauandika mimi. Wewe kaa hapo hapo, uliza maswali yako."

Mama Pacha akaketi.

Wakili alikuwa hodari, lazima niseme. Alipanga karatasi tatu mezani. Kitabu cha zamani cha upishi wa sabuni: maji ya chumvi hushusha uchafu. Ripoti ya miaka ya nyuma: mafuta mabaya yanaweza kupikwa. Jedwali la viwanda: sabuni hupozwa kwa viwango hivi na hivi. "Chumvi ipo. Mafuta mabaya yapo. Kupoza kupo. Mwombaji amefanya nini zaidi ya kuvipanga mstari? Mwanafunzi angeweza." Nikajikuta natikisa kichwa kukubali. Ilionekana rahisi mno. Midomo yangu ilikuwa imeshaanza kusema nililijua, nikaiuma.

Kisha akamsimamisha mzee. "Mpishi, umelisoma dai hili. Kuna jambo humo la kukushangaza?"

"Hakuna," mzee akasema. "Vyote navijua."

Wakili akaketi akinyoosha tai. Mama Pacha akafungua mkoba wake, akatoa kitambaa cheupe chenye mistari ya buluu, akazunguka meza, akaufunika ule ukurasa uliokuwa mbele ya mzee.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba, mama."

"Hili tuliweke kando kidogo. Nisaidie kurudi nyuma, siku ambayo hujawahi kulisoma. Uko kiwandani. Sabuni inatokota, chumvi hujamwaga bado. Moto unazimika. Unafanya nini?"

"Nauwasha upesi!"

"Hauwaki."

"Napiga kelele." Watu wakacheka kidogo. Mzee naye aliingia kwenye hadithi, mikono yake ikaanza kusema pamoja naye. "Nawaita wote, waje na kuni, na mablanketi wafunike sufuria, chochote. Sabuni isipoe! Ikipoa kabla ya chumvi inaukumbatia uchafu wote, haiuachii tena. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyofundisha kila aliyepita mikononi mwangu. Hata hicho kitabu cha wakili kimeandika, ukurasa huo huo, chini."

Wakili akatazama chini ya ukurasa. Mkuu naye akanyoosha mkono, akapewa kitabu.

"Na ikishapoa?"

"Inamwagwa."

"Hukuwahi kujaribu kutia maji ya chumvi kwenye hiyo iliyopoa?"

Mzee akacheka. Kilikuwa kicheko cha kweli, cha kutoka tumboni, cha mtu anayeulizwa jambo la kitoto na mtu mzima. "Mama, nani anampa maiti dawa?"

Mke wangu hakucheka. Nilimwona anainamisha kichwa na kuandika neno moja. Mimi nilijua ni neno gani, na safari hii nilijua kweli.

"Swali la mwisho, mzee. Mpishi aliyeiacha ikapoa, anafanywa nini?"

"Anafukuzwa. Pipa zima limekwenda na maji! Mimi mwenyewe nilimfukuza mmoja, boila iliharibika kwenye zamu yake na hakuniita mape..."

Hakumaliza. Macho yake yalikuwa yamefika kwenye benchi la nyuma. Mama Sabuni alikuwa amekaa wima, mkoba magotini, anamtazama bila chuki.

"Nilimfukuza huyu," mzee akasema.

"Ndiyo, mzee," akajibu Mama Sabuni. "Ni mimi."

Wakili akasema hilo halihusiani. Mkuu akainua kidole kimoja, akamwambia Mama Sabuni aseme.

"Walipokuwa wanamwaga, niliomba mabonge mawili ya kufulia, maana nilikuwa nimeshapoteza kazi, na sabuni nayo nitanunua na nini? Kisima cha kwetu maji yake yalikuwa ya chumvi chumvi. Nikaliloweka bonge kwenye ndoo, usiku kucha. Asubuhi maji yamekuwa meusi na bonge limekuwa jeupe. Nikadhani nimeota. Miaka yote iliyofuata nilikuwa natafuta chumvi kiasi gani, na joto kiasi gani. Nimeharibu mapipa mengi kuliko lile la kiwanda."

Mzee alikuwa amekishika kile kitambaa cha mke wangu, anakikunja pembe bila kujua. "Mbona hukuja kuniambia?"

"Ungenisikiliza, mzee?"

Alifikiri. Angeweza kusema ndiyo, hapakuwa na wa kumbishia. "Hapana," alisema. "Ningecheka."

Baada ya mapumziko Mkuu alisoma uamuzi wake kwa kifupi, pipi ikigonga meno. Chumvi ilijulikana, kupoza kulijulikana, lakini wote wenye kazi hiyo walifundishwa kukimbia pale pale mwombaji aliposimama. Dai linasimama. Wakili akakusanya karatasi zake tatu. Mama Sabuni hakupiga kelele wala kushukuru mbingu. Aliinama juu ya mkoba wake, mabega yakamtikisika, na yule mzee akaenda akakaa kando yake kwenye benchi, hajui pa kuweka mikono yake mirefu. Mwishowe alimwomba amwoneshe kipande kimoja. Akakinusa. Akakinusa tena.

Mimi na mke wangu tukashuka ngazi. Nilikuwa nimebeba mkoba wake, na kitambaa kilikuwa kimechomoza juu, kimekunjamana pale mzee alipokishika. Kwenye ghorofa ya kwanza akasimama kupumua, akaniegemea.

"Haya," akasema. "Sema."

"Niseme nini?"

"Sema ulijua. Nakusubiri tangu mlangoni."

Nikafungua mdomo. Maneno yalikuwepo, yamejipanga, nimeyatumia maisha yangu yote. Nikakumbuka meza yetu wakati wa ile mvua kubwa, shemeji ameshika mbavu, chai imenimwagikia mapajani, na mahali fulani nyuma ya maghala mwanamke huyu amesimama kando ya pipa lake, mkono ubavuni, anangoja lipoe.

"Sikujua, Mama Pacha," nikamwambia. "Mimi nilicheka."